Mkia wa Kondoo wa Jangwani

Jumamosi, 7 Septemba 1991. Biryogo.

Nimerudi kutoka Rusumo juu ya lori la chumvi na kondoo wanne, majike watatu na dume mmoja, na mimi ndiye ninayenuka zaidi. Rajabu, mtoto wa mama mdogo, ndiye aliyewaleta kutoka Mwanza hadi hapo mpakani. Aliwanunua kwa Wasomali wanaochunga katika nchi kavu kabisa, ambako kondoo hushinda bila maji na wala halalamiki. Kichwa cheusi, mwili mweupe, manyoya mafupi. Lakini kinachowashangaza watu ni mkia. Ni mpana na mnene, umefunika nyuma yote kama mto wa kulalia. Rajabu anasema ndiyo ghala yao, mafuta ya kuwaponya wakati wa njaa.

Kwenye kizuizi cha barabara, Remera, askari aliubonyeza mkia mmoja kwa kidole. "Hii iko na uvimbe?" Nikamwambia ndivyo walivyoumbwa. Akajifuta kidole kwenye suruali na kutupitisha.

Jambo jingine, niliandike lisije likanipotea. Tulipokuwa tunawapakia, Rajabu alinishika mkono mbele ya utingo na wauza ndizi akaanza kunifundisha kwa sauti ya mnadani. "Ndugu yangu Maneno, sikiliza. Dume huyu amekulia kwenye mikia hii, anajua kuisogeza kwa kifua. Dume wa kwenu hajui. Ukimtumia wa kwenu, lazima mtu asimame nyuma ya jike auinue mkia kwa mikono, la sivyo atapanda mpaka kiyama na hapati kitu." Akaonyesha, kwa mikono na kwa kiuno. Watu wakacheka mpaka mmoja akaketi chini. Mimi ni mwalimu wa Kurani na nilikuwa na kofia yangu kichwani. Nilijifanya nakagua tairi la lori.

Jumapili, 8 Septemba. 

Kondoo wamefika Gahanga. Hapa Biryogo hata kuku hana pa kusimama, na huko chini kuelekea Bugesera nchi ni kavu, nyasi ni fupi, ndivyo wanavyopenda. Tena wenyeji wa kule hawali kondoo kabisa. Kwao kondoo ni mwenzake ng'ombe, mpole, humtuliza na kumkinga na radi. Kwa hiyo hakuna wa kuniibia. Ndoto yangu ni kundi dogo la kuwatosha Waislamu wa mjini kwa Idi na akika, tuache kuhangaika.

Mlishaji ni mwanamke anaitwa Mukantwari, ana ng'ombe wawili na dume lake la kondoo wa kienyeji. Mke wangu Mugeni alimjua sokoni. Tumekubaliana kwa desturi yao ya kuragiza: mali ni yangu, kulisha ni kwake, na kila jike akizaa mara ya kwanza, mtoto ni wa Mukantwari. Ni mwanamke mrefu, mwenye mikono mikubwa, na aliwazunguka kondoo mara mbili kabla ya kusema neno.

Nilitaka kumwita kwa heshima. Nikaanza, "Mama…" nikangoja aniambie mama nani. Mumewe, Nsengiyumva, fundi wa matofali, akanijibu yeye. "Hana," akasema. Wameoana miaka kumi na miwili. Nikamwita dada.

Jumamosi, 21 Septemba. 

Maulidi. Sauti imenikauka kwa kasida. Mugeni anasema mwakani pilau itakuwa ya kondoo wetu.

Jumatano, 2 Oktoba. 

Mvua imeanza, na si ya mzaha. Nimepata habari kwamba dume wetu anakohoa. Mnyama wa jangwa na tope la Gahanga, wapi na wapi.

Jumatatu, 7 Oktoba. 

Dume amekufa. Nilipofika, Mukantwari alikuwa ameshamzika nyuma ya zizi, amejaa udongo mpaka viwikoni. Alimlaza ndani ya nyumba siku za mwisho, karibu na moto, na akamfunika gunia. Hakuwahi hata kumpanda jike mmoja, safari ilikuwa imemchosha, kisha baridi ikammaliza.

"Mwarimu, usihuzunike," akaniambia. "Mimi niko na dume yangu. Ni mudogo lakini iko na nguvu. Itafanya kazi."

Hapo ndipo pa kusema. Nilifungua mdomo. Nsengiyumva alikuwa amekaa pale, na kaka yake, na jirani mmoja mwenye redio begani. Wote wakanitazama wakingoja mwalimu aseme neno la msiba. Nikawaza mikono ya Rajabu na kiuno cha Rajabu. Nikasema, "Inshallah," nikanywa maji, nikaondoka. Njiani nilijiambia nitamwambia siku akiwa peke yake. Kisha nikakumbuka kwamba mwanamume kumwambia mke wa mtu maneno kama hayo mkiwa peke yenu ndiyo mbaya zaidi.

Alhamisi, 17 Oktoba. 

Mvua. Watoto saba tu kwenye chuo changu cha Kurani.

Jumapili, 20 Oktoba. 

Nimekwenda Gahanga nimejiandaa. Nilipofika Rebero, njiani, nilikuwa nimeshatunga sentensi nzima, safi, isiyo na neno la kutia aibu. Ilikuwa na maneno "sehemu ya nyuma" na "msaada wa mlishaji".

Mukantwari alinipokea akiwa na wasiwasi. Aliniletea maziwa, akasimama akitazama pembeni. "Jike moja lilitaka dume juzi," akasema polepole. "Dume inapanda, inashuka. Inapanda, inashuka. Siku nzima. Sijui iko na shida gani." Alisema yeye, mwanamke, kwa heshima na bila kupindisha. Mlango ulikuwa wazi, ningeingia tu.

Nikasema, "Labda bado hawajazoeana."

Leo pia sikusema. Nimerudi na sentensi yangu nzima, haijaguswa.

Ijumaa, 25 Oktoba. 

Nimewafundisha wavulana wakubwa mlango wa janaba, unajisi wa tendo la ndoa, na kuoga kwake. Mmoja akainamisha kichwa kwa soni. Nikampa lile ninalowapa kila mwaka: "Hakuna haya katika dini, mwanangu. Mwenye kuona haya kuuliza hufa mjinga." Nikaeleza yote, kiungo kwa kiungo, sauti imara. Nimerudi nyumbani sitaki chakula.

Jumapili, 10 Novemba. 

Siku mbaya. Majike wote watatu wameshataka dume, na wawili wamerudia tena. Hakuna aliyeshika mimba.

Nilimkuta Mukantwari amekonda. Alianza kunieleza kabla sijakaa. Amebadilisha malisho, amewaondoa kwenye majani mabichi, amewapa magadi kwa kuwa alisikia wanyama wa nchi kavu wanapenda chumvi, amewahamishia juu palipo pakavu. Yote hayo ni sawa kabisa, na Rajabu mwenyewe asingefanya zaidi. Nilimsikiliza kama hakimu anayejua mshitakiwa hana hatia, na hukumu iko mfukoni mwake, na hataki kuitoa.

Kisha akasema kilichokuwa kinamla. "Kule kwa kisima wanawake wanaongea. Wanasema kwa nyumba ya ingumba, hata mnyama anakuwa ingumba."

Ingumba ni tasa. Wanasema kwamba utasa wake umewaambukiza kondoo. Wamekumbushana kwamba na ng'ombe wake mmoja alitupa mimba mwaka juzi, jambo linalotokea kila kijiji. Mama mmoja amemkataza binti yake aliyeolewa majuzi asiende kwake kuazima jembe.

"Mwarimu, wewe ni mutu ya Mungu," akasema. "Inawezekana? Mutu kupeleka hiyo kitu kwa mnyama?"

Nikamwambia haiwezekani, ni ushirikina mtupu, Mwenyezi Mungu ndiye anayetoa na kuzuia. Nilisema kwa nguvu mpaka jasho likanitoka. Kila neno lilikuwa kweli, na lote kwa pamoja lilikuwa uongo, maana alichotaka kujua ni kwa nini kondoo hawazai, na sababu mimi naijua. Nsengiyumva alikuwa mlangoni akinoa mwiko wake wa kujengea.  Aliwatazama kondoo, akamtazama mkewe, akaendelea kunoa.

Ningesema pale. Sijui hata sasa nilichokuwa ninakilinda. Kofia? Wazazi wa Biryogo wanaoniletea watoto wao? Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa pale.

Jumanne, 12 Novemba. 

Naona aibu kuandika. Nitaandika kesho.

Jumatano, 13 Novemba. 

Sijaandika.

Jumamosi, 23 Novemba. 

Mugeni ametoka sokoni na habari. Nsengiyumva ameondoka. Amehamia Masoro, kwa mwanamke mwingine, amechukua baiskeli na vifaa vyake vya kazi. Aliondoka mchana, majirani wakiwa nje, na alipofika njiani aligeuka akasema ili wote wasikie: "Nimevumilia miaka yote. Hata kondoo wameshindwa kuzaa kwako."

Mugeni alikuwa anamenya viazi huku akinisimulia. Aliguna, akasema wanaume ni watu wa ajabu. Mimi nilikaa.  Kondoo walikuwa wangu. Neno lile, lile alilomtupia mbele ya watu, mimi ndiye niliyemtengenezea.

Jumapili, 24 Novemba. 

Nimemwambia Mugeni. Nilidhani itanichukua asubuhi nzima, ikaniishia kwa maneno machache. Nikaeleza Rusumo, na Rajabu, na mkia.

Aliacha kufua. "Ni hilo tu?"

"Ni hilo."

"Mkia wa kuinua." Povu lilikuwa linamdondoka mikononi. "Tangu Septemba."

"Niliona haya kumwambia mke wa mtu."

"Na mimi je? Mimi ni mke wa nani?" Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. "Ungeniambia mimi siku ile ile. Ningekwenda, mwanamke kwa mwanamke, tungecheka, tungemaliza kabla chai haijapoa. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wewe umeficha wako, na asiyezaa amekuwa mtu mwingine."

 Kweli sikuwahi hata kuwaza kumwambia yeye. Miezi yote nilikuwa najiwazia mimi tu, nimesimama mbele ya watu.

Jumanne, 26 Novemba. 

Tumekwenda Gahanga wote wawili. Ua umefagiliwa sana, kama penye msiba. Mukantwari akatukaribisha kwa adabu yake ile ile. Bahati, jike mmoja alikuwa anataka dume. Mugeni akamvuta pembeni, wakanong'ona. Nikamsikia Mukantwari akishangaa, "Yewe!" mara moja tu.

Mimi niliagizwa nikae nyuma ya migomba. Nilikaa, nimeipa mgongo kazi yote, nawatazama kunguru. Nikasikia kwato, nikasikia Mugeni akisema, "Juu, juu zaidi." Kisha kimya. Kisha kicheko cha wanawake wawili, kirefu, kikageuka upande mmoja kuwa kilio.

Mukantwari alipokuja kwangu macho yalikuwa mekundu. "Ilikuwa mukia," akasema. "Mwarimu, ilikuwa mukia tu."

"Ndiyo, dada."

"Ulijua wakati gani?"

Mugeni alikuwa ananawa mikono. Maji yakaacha kusikika.

Nikasema, "Jana. Rajabu amenipigia simu posta."

Mukantwari akanishika mikono yangu miwili ndani ya yake, ile mikubwa, yenye harufu ya kondoo. Akanishukuru kwa Kinyarwanda, maneno marefu ya baraka, ya ng'ombe na watoto na uzee mwema. Mugeni akatangulia njiani bila kuniaga wala kunisubiri. 

Jumatano, 4 Desemba. 

Mukantwari ametutumia maziwa na maharage. Mugeni alikwenda kwake juzi kumsaidia na jike wa pili. Maharage ameyapika. Nilipoinua bakuli akasema, "Kula, ndiyo malipo ya ile 'jana' yako."

Jumatatu, 9 Desemba. 

Mukantwari ameniomba jambo moja. Niende Masoro nikamweleze Nsengiyumva kuhusu mkia. Hataki arudi, anasema. Anataka ajue tu. Mimi ni mtu wa dini, nitaaminika.

Alhamisi, 12 Desemba. 

Nimekwenda. Nilimkuta Nsengiyumva juu ya ukuta, anapanga matofali. Alishuka kwa heshima, akanipa ndoo ya kukalia. Nilimweleza yote: mkia, dume, mikono. Sikuona haya hata kidogo. Wasaidizi wake walikuwa wanasikia, na mimi nikaonyesha kwa mikono. Ajabu, ulimi uliokuwa mzito miezi mitatu ulikuwa mwepesi kwa mtu ambaye haimsaidii tena kitu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akakwangua udongo kwenye mwiko wake.

"Mwarimu, sitakudanganya," akasema. "Mimi nilitaka kuenda zamani. Huku iko mwanamke, iko na mimba yangu. Lakini kila siku nikiamka nilikosa neno ya kusema. Mukantwari hana kosa, utamwambia nini? Halafu kondoo yako ikanipa neno."

Akapanda tena ukutani.

Nilipokuwa narudi nilijaribu kufurahi. Kumbe angeondoka tu, nikajiambia. Kumbe si mimi. Nilijaribu hivyo mpaka Remera. Lakini asingekuwa na neno lile angeondoka kimya, au angekaa mwaka mmoja zaidi, au angesema ukweli kuhusu mimba. Mukantwari angebaki ameachwa, ndiyo, ila asingebaki na jina lile kisimani.

Jumapili, 15 Desemba. 

Mvua imeanza kupungua. Nimekwenda peke yangu, Mugeni hakutaka. "Nenda na 'jana' yako," akaniambia.

Nilimkuta Mukantwari uani na wanawake wanne waliotoka kanisani, Biblia mkononi, wamevaa nguo zao za Jumapili. Yule aliyemkataza binti yake kuazima jembe alikuwa mmoja wao. Mukantwari aliwaita makusudi, ili waone. Jike wa kwanza hakurudia kutaka dume, siku zake zimepita, ameshika. Alikuwa anawaonyesha, akimpapasa tumbo, ingawa tumbo bado halina la kuonyesha.

"Huyu ndiye," akawaambia aliponiona. "Huyu Mwarimu. Ndugu yake alimwambia leo, kesho yake yeye alikuja kwangu. Hakulala na hiyo neno. Watu wote walinificha kitu, huyu hakunificha."

Wanawake wakaniinamia. Mmoja akaanza kunipisha kiti.

Sikukaa. Nikasema, na nimesimama, na sikuwa nimetunga chochote: "Dada, si jana. Nilijua tangu Septemba. Nilijua kabla kondoo hawajafika kwako. Rajabu aliniambia Rusumo, mbele ya watu, wakacheka. Mimi nikaona haya kukuambia."

Hakuelewa mara moja. Akageuka kuwatazama wale wanawake, kana kwamba wao ndio waliosema. Nikarudia, "Tangu Septemba."

"Wakati dume ilikufa, ulijua."

"Nilijua."

"Wakati nilikuuliza kama mimi ndiye nimewapelekea…"

"Nilijua, dada."

"Wakati Nsengiyumva anaenda."

Nikainamisha kichwa. Yule mama wa jembe alitazama chini, na yeye pia.

Mukantwari aliweka mkono wake juu ya mgongo wa kondoo. Nilidhani atanifukuza, na ningeshukuru. Aliposema, alisema polepole kwa Kiswahili, ili nisipotelewe na neno hata moja.

"Wewe uliona haya ya mukia ya kondoo, Mwarimu. Haya yangu mimi, hukuiona."

Nilisema nisamehe.  Alikwenda zizini akamtoa jike wa tatu, aliyekuwa anamtaka dume tangu asubuhi, akamleta katikati ya ua. Kazi ile inataka watu wawili. Akaniambia nivue koti.

Mmoja wa wale wanawake alitaka kuondoka. Mukantwari akamwambia akae. Akashika kichwa cha kondoo katikati ya magoti yake, akanionyesha kwa kidevu pa kusimama. Nikasimama nyuma, mbele yao wote, nikauinua mkia kwa mikono miwili. Ni mzito kuliko nilivyodhani, na una joto. Dume akaja.

"Shikilia," Mukantwari akasema. "Usiachilie mpaka mimi niseme."